Ratili Mbili

Jumatatu. Jina lenyewe lakiri kuwa ni siku ya tatu,
nasi tumeifanya ya kwanza, tunaipigia pasi shati.
Nyanya yangu hakukubali kamwe.
"Juma laanza Jumamosi," akisema. "Hilo la ofisini ni lenu nyinyi."

Nimesali alfajiri, nikarudi kitabuni badala ya kitandani.
Kitabu cha kuazima. Kurasa ishirini zimeliwa na mchwa
katikati ya kesi ya mirathi,
sijui ni nani aliyepata nyumba.
Alama yangu ni bili ya maji ya mwezi wa tano.
Nje, mkokoteni wa madumu,
Kibokoni yaamka kwa kukohoa,
na binti yangu Ramla anatafuta soksi moja
kwa sauti ya kutosha kutafuta mbili.

Babangu alikuwa karani bandarini.
Gazeti lililofungiwa viazi vya karai
alilinyoosha pajani, akalisoma hadi kwenye doa la mafuta,
kisha akaniuliza mimi habari iliishaje.
Nami nilitunga. Mawaziri wangapi niliwafuta kazi!

Nyanya, Bi Mwanamkuu, alisoma kutoka kulia.
Kiswahili chake alikiandika kwa herufi za Kiarabu,
penseli fupi kama jino la mtoto,
katika daftari ambalo hatukuruhusiwa hata kulipumulia.
Za kizungu hazikumwingia. Zake mimi
nilizitambua mojamoja, kama watu wa mtaa usio wangu:
huyu nimewahi kumwona, huyu ni nani?
Msahafu niliuhitimu kwa irabu zake.
Ukiniondolea irabu, nashika ukuta.

Alipofariki tuligawana. Dada Zuleikha, kanga;
ami, kitanda; mimi, karatasi iliyoanguka daftarini,
mistari mitatu. Nikajua ni dua.
Niliikunja mara nne, nikaitia katika mfuko wa msahafu,
na kwa miaka tisa niliishika kabla ya mitihani,
kabla ya usaili, na usiku ule wa Ramla kuzaliwa,
daktari alipokuwa hasemi kitu.
Niliitikia amina maneno nisiyoyajua.

Jana, baada ya magharibi, nilimpa Maalim Shekue aisome.
Akavaa miwani. Akaivua. Akaisogelea taa.
"Mafuta ya taa, chupa moja: nimelipa.
Sukari ratili mbili: deni la Kassamali."
Tukacheka hadi watoto wa chuo wakageuka.
Kisha akasoma wa tatu, polepole:
"Mola nipe umri niilipe."

Sikulala vizuri.

Basi leo, kabla ya kazi, tumepitia dukani kwa Kassamali,
ambako siku hizi ni vifuniko vya simu
na mjukuu, Murtaza, mwenye kalamu sikioni.
Nikaweka pakiti ya sukari juu ya kioo.
Akaisoma karatasi kwa kunitazama mimi.
"Deni la lini?"
"Sijui. La penseli."
"Na riba?"
"Riba haramu."
"Ratili mbili hazifiki kilo," akasema, akipima kwa kiganja.
"Umezidisha."
Hiyo ya kuzidi, nikamwambia, tia kwenye chai ya leo, umrehemu mwenyewe.
Akaipokea kwa mikono miwili,
akaiweka juu, karibu na picha ya babu yake.

Nilitaka iandikwe kwamba imelipwa,
na mkono wangu hauwezi.
Ramla anaweza, yuko darasa la tatu la chuo.
Akapiga magoti juu ya stuli, akaanzia kulia,
ulimi nje, mguu mmoja bila soksi.
Ile pe akaipa nukta moja badala ya tatu,
ikawa be:
*imelibwa.*

Nikataka kumsahihisha.
Kisha nikatazama mstari wa kwanza, ule wa mafuta,
pale nyanya alipoandika amelipa:
nukta moja.

Nimechelewa kazini dakika arubaini.
Karatasi imerudi mfukoni mwake.